Mkono Ulioshika Kidevu

Jana tulisoma arobaini ya Zaituni huko Koboko, na tangu nirudi Arua sijaweza kukaa mahali pamoja. Asubuhi nimefagia ua ambao ulikuwa umeshafagiliwa. Nimechemsha chai, nimeiacha ipoe, nimeimwaga. Nikikaa, miguu inataka kusimama. Nikisimama, sina ninakokwenda. Zaituni alipokufa sikulia mbele za watu, maana mimi si mtu wa kulia kwa sauti. Nilikuwa mmoja wa wanawake waliomwosha, na nilipofika usoni pake mkono wangu ulikwenda wenyewe kwenye taya la kushoto, ukapapasa kama ulivyozoea, haukukuta kitu. Presha ndiyo iliyomchukua, si kile tulichokiogopa. Nilifikiri hapo nitapumzika. Sikupumzika, na jana picha ilipotokea ndipo nilipojua kwamba kuna jambo bado nimelibeba.

Dua ilikuwa imekwisha, wanaume wameondoka, na sisi wanawake tulikuwa jikoni tukimalizia wali na nyama kwenye sinia. Binti zake wawili, Mariam na Salma, walikuwa chumbani wakigawana nguo za mama yao. Nikawasikia wanabishana. Kisha Mariam akaja jikoni na picha mkononi, bangili ya mama yake ikimchezacheza kwa sababu bado hajaizoea.

"Anti Hawa, wewe ndiyo ulikaa na mama kupita watu wote. Hii mutoto ni ya nani?"

"Hata usiulize," Salma akasema. Alikuwa amesimama mlangoni na hakutaka kusogea. "Mimi nimesema tutupe kwa choo. Mutu muzima anaweka picha kama hii na vipande ya uzi kwa kopo ya biskuti ya nini? Hii iko kitu ya waganga."

"Ngoja nimalize chai," nikasema. Glasi yangu ilikuwa tupu.

Ni picha ndogo, nyeusi na nyeupe, imepinda pembe moja. Ndani yake kuna mtoto wa miaka mitano au sita. Shavu la kushoto limevimba mpaka jicho limefunga na mdomo umevutwa upande. Kifuani ameshikishwa kibao chenye namba. Na chini ya kidevu kuna mkono wa mtu mzima, umetokea pembeni ya picha, umekishika kile kichwa kisigeuke. Mwenye mkono hayumo. Mpiga picha hakumhitaji.

Picha za namna hiyo nilizijua mwaka tuliorudi kutoka Zaire, tulikokimbilia vita tukakaa miaka kumi na zaidi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Watu walikuwa wanaingia Arua na magodoro kichwani, wanakuta nyumba zao hazina mapaa na miti imeota sebuleni. Hospitali moja nje ya mji ilitafuta mtu anayejua kusoma majina na anayesema Kilugbara, Kikakwa, Kinubi na Kiswahili. Shule niliishia darasa la saba, lakini lugha nilikuwa nazo zote, za nyumbani na za kukimbia, nikapewa kazi. Nilipelekwa kwenye chumba cha nyuma chenye dirisha moja, harufu ya popo na masanduku ya bati yaliyopangwa mpaka juu. Kabla ya vita madaktari wa pale walikuwa wanampiga picha kila mtu aliyeletwa na uvimbe. Walikuwamo wanawake wa rovu, shingo zao kama wamemeza mtungi. Yalikuwamo mapaja, matiti, migongo. Lakini wengi walikuwa watoto wa taya. Ugonjwa ule kwetu ulijulikana sana. Unaanza na jino linalolegea, mama anafikiri ni la utoto, halafu baada ya muda mfupi uso wa mtoto unakuwa wa mtu mwingine.

Kila picha ilikuwa na bahasha, na kila bahasha ilikuwa na kadi. Muuguzi mmoja wa zamani, ambaye sikumkuta, alipima uvimbe kwa uzi wa cherehani. Aliuzungusha kutoka sikio mpaka sikio kupitia juu ya uvimbe, akaukata, akaubandika kwenye kadi kwa gundi. Wiki iliyofuata alibandika uzi mwingine chini yake. Mtoto aliyekubaliwa na dawa, nyuzi zake zilifupika moja baada ya nyingine, ukiziangalia ni kama ngazi. Kwenye kadi nyingine nyuzi zilirefuka, zikarefuka, kisha zikakoma, na nusu ya kadi ilibaki nyeupe. Hakuna aliyenifundisha kuzisoma. Nilipoona kadi nyeupe nilikuwa naifunika upesi.

Habari za nyumbani kwetu sitazieleza, ila moja. Nilikuwa na mdogo wangu, Juma. Alichukuliwa kupelekwa hospitali na uvimbe wa taya, hakurudi, na mimi nimesahau sura yake. Kwa hiyo kila bahasha niliifungua nikiomba nimkute na nikiomba nisimkute. Ule mwaka mzima nililala hivyo na kuamka hivyo.

Niliyefanya naye kazi alikuwa Candia, Mlugbara wa Adumi, msaidizi wa daktari. Watu walimwita dokta, naye alikuwa amechoka kukanusha. Alitaka jambo moja tu: kujua ni nani katika wale watoto bado yuko hai. "Dawa ilipunguza, sawa," aliniambia siku ya kwanza, amekalia sanduku. "Lakini ilipunguza ya kabisa, ama ya kudanganya? Hao watoto sasa ni watu wazima. Tutawatafuta na uso." Majina hayakutosha. Watu walikuwa wamebadilisha majina uhamishoni, vijiji vimehama, machifu walioandikwa kwenye kadi wamekufa. Tuliweka picha katika kisanduku, tukakifunga kwenye pikipiki, tukaanza kuzunguka sokoni na visimani tukiuliza, huyu mnamjua?

Shangazi yangu alinikataza nisipande nyuma ya mwanamume. Alikubali pale kisanduku kilipofungwa katikati yetu, kikawa ndicho mahram wangu, kama ndugu wa kunichunga. Sokoni Adumi vijana wa mihogo walimpigia Candia kelele.

"Dokta, hiyo ni bibi yako ama mizigo?"

"Ni mdomo yangu," Candia akajibu. "Anaongea kwa lugha zote."

"Basi mdomo yako iko muzuri kuliko uso yako!"

Siku hiyohiyo mzee mmoja alimtambua mwanawe. Aliishika picha kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kifaranga. Mtoto alikuwa amekufa zamani, kabla hata ya kukimbia. Candia akaandika, akanyoosha mkono apewe picha. Mzee hakuitoa. Alisema kwa Kilugbara kwamba nyumba yake iliungua na kila kilichokuwamo, na kwamba hii anakaa nayo.

Hapo sikuhitajika kutafsiri. Candia akamjibu kwa Kilugbara mwenyewe, taratibu, kwamba picha ile ni ya ugonjwa, haina uzuri, ni ya kazi ya hospitali.

"Uvimbe ni wenu," mzee akasema. "Chukueni. Masikio ni ya baba yangu."

Candia aliichukua. Ndiyo ilikuwa amri aliyopewa, picha zote zirudi sandukuni. Njia nzima mpaka Arua nilikaa nyuma ya kisanduku nikifikiri jambo ambalo sikuwa nimelifikiri. Sisi sote tulirudi mikono mitupu. Albamu, fremu, picha za harusi, vyote viliungua au vilitupwa njiani. Katika nchi nzima ile labda hakukuwa na nyuso za zamani nyingi kuliko zilizokuwamo katika chumba chetu cha popo, na zote zilikuwa zimevimba.

Zaituni tulimfuata Lurujo, nje ya mji wa Koboko. Kwenye kadi yake nyuzi zilikuwa zimefupika vizuri, halafu palikuwa na maneno: amechukuliwa, hakurudishwa. Candia alimhesabu kama aliyekufa, alitaka uhakika tu. Tuliingia kwenye ua ambamo wanawake walikuwa wanapepeta simsim. Nikaonyesha picha, nikataja jina. Mwenye ua, mwanamke mnene wa sauti kali, hakuitazama hata kidogo.

"Huyo alikufa Zaire," akasema. "Nendeni salama."

Msichana mmoja aliyefunga kitambaa chini sana, mpaka kidevuni, aliacha kupepeta. Ungo ukabaki umesimama hewani. Kisha akaendelea.

Tulikuwa tumeanza kusukuma pikipiki barabarani tuliposikia mtu anakimbia nyuma yetu. Alikuwa yeye, simsim bado imemganda mikononi.

"Mimi ndiyo huyo maiti," akasema, akihema. "Lete."

Nilimpa. Nilitegemea atatazama uso wake. Yeye aliweka kidole gumba juu ya ule uvimbe, akaufunika, akaangalia chini yake kwa muda mrefu. Nyuma ya kitambaa niliona shavu lake la kushoto. Lilikuwa limeingia ndani kidogo tu, kama mto ulioegemewa.

"Hii ni mkono ya mama," akasema.

Mama yake alimtoa hospitali vita vilipofika, dawa haijamalizika, akambeba mgongoni. Alifia njiani, kabla ya mpaka, akazikwa na watu waliokuwa na haraka. Zaituni hakujua kaburi liko wapi na hakuwa na picha. Uso wa mama alikuwa ameshaanza kuukosa. Mkono aliukumbuka, kwa sababu ulikuwa unamshika hivyohivyo kila alipopimwa.

Candia alifurahi mpaka akasahau adabu. Alitaka ampime hapohapo, ampige picha ya pili, ile ambayo bahasha yake haikuwa nayo. Zaituni akasema, nipe hii, nitakuja popote. Candia akasema hawezi, ni ya hospitali.

"Hospitali ilizaa mimi?"

Candia alikuna kichwa. Mwishowe alisema picha inaweza kupigwa picha. Pale Koboko mjini kulikuwa na fundi wa studio mwenye chumba cha giza, angetoa nakala, ya kwanza irudi sandukuni. Hapo ndipo tulipojua kwa nini shangazi yake, yule mwenye ua, alimzika akiwa hai. Zaituni alikuwa amechumbiwa na Rajab, kijana wa nyumba kubwa ya askari wa zamani pale mjini, harusi iwe baada ya Ramadhani. Watu wa Rajab hawakujua habari ya ugonjwa. Na yule fundi wa studio alikuwa na desturi ya kutundika picha mlangoni kwa vibanio vya nguo zikauke, na mlango wake ulitazamana na duka la mama yake Rajab.

"Ukipeleka hiyo uso kwa mji, ndoa imekwisha," shangazi alimwambia jioni ile, hajali kwamba tupo. "Wale watu wameahidiwa musichana muzima."

Mimi nilimshauri angoje, aolewe kwanza. Nilijiona nina akili. Zaituni alinitazama kama mtu anayemhurumia mwenzake.

"Halafu nikae miaka yote nikifunga kitambaa? Nikingojea nani ataongea? Hapana. Waangalie sasa, nikiwa bado kwetu."

Akampelekea Mama Rajab picha mwenyewe. Mimi na Candia tulikwenda naye, Candia kwa sababu Zaituni alimwambia, yule mama akileta maswali ya dawa mimi sitayaweza. Mama Rajab alikuwa mjane mrefu aliyekaa kambi za jeshi nusu ya maisha yake, na aliwakaribisha watu kama anayewapanga mstari. Chumba kilinukia mafuta na gurusa, ile mikate ya Kinubi, aliyokuwa anaigeuza kwenye kikaango. Alitupa chai ya tangawizi. Zaituni akalegeza kitambaa chake, akaiweka picha kwenye sinia katikati ya glasi.

Mama Rajab aliipeleka mlangoni penye mwanga. Alikaa nayo huko. Mkate ukaanza kuungua na hakuna aliyethubutu kuugusa.

"Iko rudi?" akamuuliza Candia bila kugeuka.

"Mama, mimi hapana jua. Ningejua, singezunguka na pikipiki kwa jua hii. Wale nimeona, wameshapona, wako wazima mpaka leo. Lakini ni wachache. Nikisema zaidi ya hapo nitakudanganya."

"Wewe ni dokta gani hapana jua kudanganya mutu?" Akageuka. Hakuwa anacheka. "Na huyu anashika yeye ni nani?"

"Mama," Zaituni akasema.

"Aa." Akarudisha picha kwenye sinia, akautoa mkate uliokuwa mweusi upande mmoja, akaula yeye mwenyewe ule upande. "Kunyweni chai. Nitaongea na watu yangu."

Halafu ikaingia Ramadhani, na neno halikuja. Candia alirudi Arua, picha akaniachia mpaka itolewe nakala; mimi niliomba nibaki Lurujo, nikalala na Zaituni kwenye mkeka mmoja. Sijawahi kuona mwezi mrefu namna ile. Tulifuturu uji na mihogo, na kila baiskeli iliyopita barabarani tuliinua vichwa sote wawili. Akichota maji alichukua njia ya mjini ingawa kisima kiko upande mwingine. Shangazi hakumpiga wala hakumfukuza. Alimchokoza tu.

"Picha imeolewa," alisema akipita na kuni. "Ngoja picha izae."

Nilimuuliza Zaituni kama anajuta. Akasema anajuta akiwa na njaa, akila hajuti. Rajab mwenyewe sijui kama aliulizwa. Kama aliulizwa, jibu lake halikutufikia.

Idi ikapita kimya. Tukavua nguo mpya tukazikunja. Siku chache baadaye, tukiwa tunasaga simsim, akaingia uani mwanamke mfupi ambaye shangazi alimfahamu upesi, maana alifuta mikono na kusimama. Alikuwa mdogo wake Mama Rajab. Hakuleta mzigo. Kwenye kidole cha shahada alikuwa amezungusha uzi mweupe.

Kwetu nyumba ya bwana harusi ikitaka kuthibitisha, haisemi. Inatuma mtu akapime mkono wa msichana kwa uzi, ili fundi atengeneze bangili. Uzi ukishapimwa, neno limetoka. Sote tuliokuwa pale tulilijua hilo. Lakini yule mwanamke alipoukunjua uzi na kumwendea Zaituni, Zaituni aliruka nyuma, akafunika shavu kwa viganja vyote viwili.

"Mukono, mutoto yangu," yule mwanamke akasema polepole. "Si uso. Mukono."

Zaituni alinyoosha mkono, uzi ukazungushwa, ukafungwa fundo. Shangazi akapiga kigelegele ambacho nusu yake ilikuwa kilio. Kisha mgeni akaeleza alichotumwa. Mama Rajab anaomba ile picha. Anataka fundi aione bangili ya mkono ule, afanye kama hiyo.

Nilikimbia ndani kuileta, na kabla ya kuitoa nje nikaiangalia. Niliibeba miezi yote ile, nikaionyesha watu sokoni na visimani, na sikuwa nimeiona. Kwenye kifundo cha ule mkono kulikuwa na bangili, nyuzi mbili za fedha zilizosokotwa kama kamba. Candia aliona taya. Zaituni aliona mkono. Mama Rajab alisimama mlangoni mkate ukiungua, akaona mwanamke aliyeolewa, akaona alipewa nini.

Nakala ilitolewa studio. Ilitundikwa mlangoni siku nzima kwa vibanio, mji ukapita, ukatazama, ukasema ulichosema, ukaenda sokoni. Fundi wa bangili akayeyusha sarafu za zamani akaisokota bangili. Candia alipata picha yake ya pili: Zaituni amesimama, kichwa wazi, hina mikononi. Kibao cha namba alikikataa.

Candia hakuwahi kupata jibu la swali la Mama Rajab, na Zaituni hakuacha kuliuliza. Kila mwaka Idi ikipita aliniita chumbani, anafunga mlango, ananiambia, pima. Nilizungusha uzi kutoka sikio mpaka sikio, naukata, tunaulinganisha na wa mwaka uliotangulia. Ulikuwa uleule. Anauweka kwenye kopo la biskuti, tunatoka, anapakua chakula na kuwatania watu. Alizaa, akalea, akamzika Rajab, akapata wajukuu, na uzi ulikuwa uleule. Mji ulishasahau, na watoto wake hawakujua kitu. Nadhani hilo ndilo linalonihangaisha tangu jana: nimebaki mimi peke yangu ninayejua kwamba yule mwanamke mcheshi aliogopa maisha yake yote.

Masanduku ya hospitali baadaye yalipakiwa kwenye lori, sikuambiwa yanakwenda wapi. Niliyafungua yote kabla ya hapo. Juma hakuwamo, au alikuwamo nami sikumtambua.

Jana pale jikoni, Mariam alikuwa bado amesimama mbele yangu na glasi yangu ilikuwa bado tupu. Nilifikiria kumsimulia yote haya tangu mwanzo, nikaiweka glasi chini.

"Anti, sema basi. Tutupe?"

"Funika uso kidogo," nikamwambia. "Weka kidole hapo kwa uvimbe. Sasa angalia chini."

Akaweka kidole gumba, palepale. Akaangalia. Nikaona macho yake yanatoka kwenye picha, yanakwenda kwenye mkono wake mwenyewe, yanarudi kwenye picha, yanakwenda tena. Kutoka mlangoni Salma akauliza, "Nini? Kuna nini?" na Mariam alipoisogeza picha karibu na bangili, akaacha mlango, akaja kuona.